Muulize Aliyekuwa Macho

Usiku ule nililala na uongo wangu kitanda kimoja. Nilikuwa nimekaa nao zaidi ya miaka hamsini bila kusumbuana, lakini usiku ule ulijitandaza mpaka nikakosa pa kunyoosha miguu.

Uongo wenyewe ni huu. Watu wote wa kwetu wanaamini kwamba mimi Naomi naujua mpaka wa ardhi yetu hatua kwa hatua, kuanzia kijitoni mpaka jiwe la mwisho. Siujui wote. Kipande cha mwisho sikijui hata kidogo, na jamani, kipande hicho hicho ndicho kilichotuulia watu.

Sisi ni kabila dogo. Tunakaa ukingoni mwa msitu, kule juu kwenye baridi, na kazi yetu tangu zamani ni mizinga ya nyuki. Kwenye fomu za serikali tulikuwa tunaandikwa "wengineo" mpaka juzijuzi tu. Hatukuwa na desturi ya kuchimba mtaro wala kupanda ua ili mtu ajue ardhi yetu inaishia wapi. Kwetu mpaka hutiwa kwenye mwili wa mtoto. Mtoto akitimiza miaka sita, babu yake humchukua siku nzima, wakauzunguka mpaka wote kwa miguu, na kila penye alama humfanyia jambo la kumshtua au kumfurahisha ili asilisahau maisha yake yote. Atamfinya hapa, atamchekesha pale, atamlambisha kitu, atamtumbukiza majini. Ukishazungushwa hivyo ramani huna haja nayo. Mimi hadi leo mtu akinigusa sikio la kushoto nauona mti wa mtarakwa uliopasuliwa na radi, pamoja na mdudu aliyekuwa akiupanda.

Majirani zetu wa bondeni ni wengi, wanalima na kufuga, na kwa miaka mingi tulikuwa tukipeana nao asali kwa maziwa bila ugomvi. Halafu yakaja maneno kwamba ardhi itagawanywa kwa hatimiliki, na kwamba asiyelima hana shamba. Mashamba yetu sisi yako juu ya miti, nani angeyaona? Vijana wao walipanda na mapanga na mienge. Walichoma nyumba, wakachoma na mizinga ikiwa na nyuki wake ndani. Mdogo wangu Yona aliuawa siku ile akiwa anawatoa watoto wa jirani ndani ya moshi. Tulikimbia, tukakaa kambini miaka, na tuliporudi miti mingi ilikuwa visiki na bondeni palikuwa pamejengwa. Wazee waliozungushwa mpaka walikuwa wamekwisha mmoja mmoja. Nikabaki mimi, na magoti yangu mabovu.

Sasa kamati ya amani ikawa imekaa mara nyingi, pande zote mbili zimechoka kuogopana, wakakubaliana jambo moja: Naomi atembee mbele. Chifu yupo, wapima ardhi wapo, wazee wao na wetu wapo, na pale Naomi atakaposimama ndipo mpaka. Hata wao waliijua desturi yetu na kuiheshimu. Siku ikawa imepangwa, na siku hiyo ilikuwa kesho yake.

Nikisitasita mbele yao, vijana wao watasema tunabahatisha. Vijana wetu watasema tunaonewa tena. Na mapanga hayajatupwa, yamefichwa tu chini ya vitanda vya pande zote mbili. Jioni ile Daudi, mtoto wa marehemu Yona, aliniambia tukiwa tunakula, "Shangazi, hakuna anayejua ila wewe. Ukifika kwenye yale mashamba yao ya viazi usisimame, shuka nao hadi mto wa chini kabisa. Nani atakupinga?" Nilimwambia anyamaze ale. Lakini nisiseme uongo juu ya uongo: wazo hilo lilikuwa limenijia kabla yake, na nililipenda.

Basi usingizi ukanichukua hivyo hivyo, nimejikunja. Na Babu akaingia.

Aliingia alivyozoea kuingia, akiinamia mlango hata usio mfupi, amejitupia begani lile vazi lake la ngozi za pimbi, ananukia moshi na nta. Akaniangalia. Akaniangalia tena, akashika kiuno.

"Mke wangu," akasema, "mbona umenipita uzee?"

Kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake, na mjukuu naye ana ruhusa ya kumjibu ovyo. Nikamjibu, "Wewe ulikufa ukaniachia kazi zote, ulitaka nibaki msichana?" Akacheka lile cheko lake la kukohoa, mpaka akaegemea ukuta. Nami nilifurahi, sijui niseme vipi nilivyofurahi. Nilikaa kitandani nikapiga makofi kama mtoto.

Halafu nikakumbuka kesho. Nikamwambia, "Babu, nimekwisha. Jiwe la mwisho silijui. Siku ile nililala."

"Najua. Nilikubeba mimi," akasema. "Mgongo unaniuma mpaka leo."

Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona hatuko chumbani. Tuko kijitoni, asubuhi, jua linachungulia kwenye mianzi. Nina miaka sita na nina hamsini na minane, yote kwa pamoja, na jambo hilo halinishangazi hata kidogo. Babu ananishika makwapani, anahesabu moja, mbili, na kabla ya tatu ananitumbukiza mpaka kifuani. Mayowe! Ndege wote wanaruka. Babu anacheka hadi anakaa chini kwenye tope, na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, namrushia maji ya uso kwa viganja vyote viwili.

Tunatembea. Kumbe msitu wote upo. Ile mitarakwa niliyoikuta visiki imesimama, imevaa kuvu yake ya kijani kwenye matawi. Mizinga iko juu kila ninapotupa macho, na nyuki wanavuma, jamani, wanavuma, sauti ambayo sikuwa nimeisikia namna hiyo tangu mwaka wa moto. Nalia. Nalia kwa furaha wala sioni haya kusema. Babu anajifanya anatafuta kitu mfukoni mpaka nimalize.

Kwenye mtarakwa uliopigwa na radi ananifinya sikio, nami najua atanifinya, nalitega mwenyewe. Tunateremka, tunapanda, na tayari tupo kwenye mwamba wa chumvi. Ananiambia niulambe. Nakunja uso. "Lamba," anasema, "hapa tembo wamelamba kabla yako, tena hawakupiga mswaki." Naulamba. Chumvi ile ile. Kilimani kwenye upepo ananiweka mabegani, ananiambia nitaje jina langu kwa nguvu zote ili bonde lijue mwenyewe ni nani. Nalitaja. Bonde linanirudishia jina langu kwa sauti ya mtoto, na magoti yangu hayaumi, naruka kutoka mabegani kwake nikatua kwa miguu miwili.

Na hapo chini ya mti mkubwa wa podo kuna watu wanatungoja. Nawajua wote, na wote nimewazika au nimesikia wamezikwa. Wale waliofia kambini kwa baridi, wale tuliowaacha njiani bila kuimbiwa hata wimbo mmoja. Wamekaa kwenye majani, kila mmoja na sega la asali mikononi, asali inawachuruzika mpaka viwikoni, na hakuna anayejali. Waliponiona wakapiga vigelegele kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa safarini.

Yona yupo. Amevaa koti lile lile la kijani tulilomzika nalo, ila sasa halina tundu hata moja. Mdomo umejaa sega, hawezi kunisalimu, ananipungia kidole kimoja. Nikamkumbatia mpaka nikanata. Nikamwambia, "Yona, walikufanyia vibaya, mdogo wangu. Vibaya sana."

Akatema nta kiganjani taratibu. Akaniangalia kwa huruma, yeye ananihurumia mimi!

"Mimi nilikufa mara moja tu, dada," akasema. "Wewe unakufa kila Alhamisi."

Alhamisi ndiyo siku ya soko. Ndiyo siku ninayopishana na Rael. Rael ni mwanamke wa bondeni, rika langu, babu yake mzee Zakayo na Babu yangu walikuwa marafiki wa kuchekana, na sisi wawili tulicheza pamoja tangu tunatambaa. Siku ya moto tulipokuwa tukikimbia na matandiko kichwani alikuwa amesimama kando ya barabara. Alituona. Alinitazama mimi machoni kabisa, na hakusema neno. Baada ya wiki alinitumia blanketi kambini. Nikalirudisha na yule yule aliyelileta. Baadaye nikasikia mumewe amejenga kwenye kile kipande kinachogombaniwa, na kwamba Rael anaishi humo. Tangu hapo kila Alhamisi tunapishana katikati ya vitunguu na nyanya kama watu wasiojuana, na kila Alhamisi nikirudi nyumbani chakula hakishuki. Nilimchukia. Nilimchukia zaidi ya wale walioshika mapanga, kwa sababu hao sikuwa nimewahi kuwasuka nywele.

Nataka kumjibu Yona, namkosa. Amekwenda kucheza, namwona koti lake tu katikati ya watu. Babu amekaa mbele yangu ameshika sega lenye joto, limetoka mzingani sasa hivi. Na huko nyuma, kutoka nyumbani, naisikia sauti ya Bibi ikipita juu ya miti: "Weee! Usimlishe mtoto asali kabla ya jiwe la mwisho!"

Ndiyo desturi. Asali huja mwisho kabisa, mkishamaliza jiwe, maana asali ya moto ya mzingani humlaza mtoto fofofo, hasa mtoto aliyetembea tangu alfajiri. Kila mzee alilijua hilo na Babu alilijua kuliko wote. Lakini nilikuwa mke wake, nami nilikuwa nimemkazia macho. Akageuka kuangalia upande sauti ilikotoka, akageuka kwangu, akanipa sega zima. Halafu akanipa la pili.

Hilo ndilo kosa lililofanyika, wala si la mtu mwingine. Babu alinipenda mno kabla ya wakati wake.

Sasa tuko watatu njiani. Mbele anatembea Babu, mgongoni kwake kuna mtoto amelala, mdomo wazi, asali imemkaukia kidevuni. Mtoto huyo ni mimi. Nyuma yao natembea mimi huyu mwingine, mkubwa, nimejishika moyo. Nasema, leo nitaona. Leo nimetoa macho yote mawili, lile jiwe likipita nalikamata. Tunateremka bondeni. Ukungu unaanza, mwepesi kwanza, halafu mzito, mpaka naona viuno vya watu tu na vichwa, miguu hakuna.

Kwenye ukungu anatokea mzee Zakayo, mrefu, amevaa kofia yake ya sufu, ana kibuyu cha maziwa. Ndipo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa, kwamba alama ya mwisho mtoto hafanyiwi na babu yake. Hufanyiwa na jirani. Jirani ndiye anayekutia jiwe la mwisho kwa mkono wake mwenyewe, ili kesho asije akasema hakuliona.

"Haya, mlete mwenye ardhi," anasema Zakayo.

Babu anageuza mgongo amwonyeshe. Zakayo anainama, anaukodolea macho mdomo wangu ulio wazi. "Ala! Umemlisha asali!"

Babu anaangalia juu kama mtu anayetafuta mvua. Wananitikisa, wananipuliza usoni, Zakayo ananivuta kidole gumba cha mguu. Wapi! Na hapo ukungu unafunuka kidogo, ndipo ninapoona viatu vidogo pembeni, halafu soksi, halafu gauni la manjano. Zakayo alikuja na mjukuu wake. Rael yupo pale, ana miaka sita, yuko macho kama paka, anatuangalia wote.

Wazee wawili wanaangaliana. Zakayo anasema, "Bora mmoja alione." Na kabla mtoto hajajua kinachokuja, anammiminia kibuyu kizima cha maziwa baridi utosini.

Rael anapiga kelele ambayo sitaisahau, amka au lala. "Mbona mimi? Si yeye!" Maziwa yanamtiririka puani, gauni limelowa, anapiga miguu chini kwa hasira, na wale wazee wanacheka, wanashikana mabega wasianguke, wanafuta machozi na kofia moja. Mimi nami nacheka. Nacheka na watu niliokuwa nimeapa kutocheka nao. Katikati ya kicheko nakumbuka jiwe, nainama, natafuta kwa mikono chini ya miguu yao. Ukungu mtupu. Napapasa, napapasa.

"Huwezi kuliona," Babu anasema. "Ulikuwa umelala."

"Basi nionyeshe wewe!"

"Mimi nimekufa, mke wangu. Chifu atachukua ushahidi wangu?"

Nikamshika vazi lake. Nikamwambia kesho watu watakuja, nikamwambia mapanga yako chini ya vitanda, nikamwambia kila kitu ambacho bila shaka alikwisha kukijua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaacha kucheka, na katika ndoto nzima hapo tu ndipo alipoacha.

"Muulize aliyekuwa macho."

"Yule? Yule simwulizi hata saa!"

Babu alinigeuzia mgongo aliombebea mtoto, akaanza kupanda, na Zakayo akamfuata akimwuliza kama amebakiza asali. Nikabaki na Rael wa miaka sita, analia, maziwa yamemjaa masikioni. Nikavua kanga yangu nimfute. Nikamfuta uso, nikamfuta shingo, na nilipofika kwenye nywele nikaamka.

Niliamka nikicheka, mashavu yamelowa, mikono imeshika shuka. Nje kulikuwa kumepambazuka. Daudi akagonga ukuta.

"Shangazi! Uko salama?"

"Salama kabisa. Niletee gambuti zangu."

"Za nini? Watu wanakuja saa tatu."

"Nakwenda kwa Rael."

Daudi akaja mlangoni na gambuti moja mkononi. "Kwa nani?"

"Babu kanituma," nikasema. Nikamweleza pale pale, nikivaa soksi: kwamba nililala, kwamba silijui jiwe, kwamba hadithi zote nilizomsimulia kuhusu kipande cha mwisho nilizitunga. Daudi akakaa chini kitako. Nilimwonea huruma, kijana wa watu, lakini nilijisikia mwepesi kiasi kwamba ningeweza kupanda mti. Nikamwambia yeye awapokee watu, achemshe maji ya chai mengi, na nikichelewa awaambie nimekwenda kuuliza.

Ni mwendo wa nusu saa kushuka. Rael alikuwa nje ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, amejifunika blanketi, macho yamevimba kama mtu asiyelala. Aliponiona alisimama. Akashika mlango. Tulikuwa hatujaongea miaka mingapi, na mimi nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, yakanikimbia yote.

"Rael," nikasema, "mimi mpaka siujui. Nililala."

Kitu kikaanza kumtikisa mabega, nikadhani analia.

"Najua," akasema. "Tena ulikoroma."

"Sikukoroma!"

"Ulikoroma, Naomi, na mimi nikamwagiwa maziwa badala yako. Nilikuwa na gauni jipya!"

Jamani, tulicheka. Tulicheka vibaya, bila sauti, tumeshikana mikono, wanawake wawili wazee kwenye umande. Ndipo nikajua kwamba Babu hakunichezea, kwamba gauni lilikuwepo na maziwa yalikuwepo. Akaniingiza ndani, akanikalisha, akanimiminia chai.

Kisha akasimama kwenye mlango wa nyuma, mgongo kwangu. "Mimi nilidhani unajua," akasema. "Tangu jana sijalala. Nilijua leo utakuja na chifu uninyooshee kidole."

"Kwa nini nikunyooshee?"

Akafungua mlango. "Lile pale. Lile ninaloanikia sufuria."

Nikasimama nikatazama. Ni jiwe pana, jeusi, limelala upande wa chini wa nyumba, kama hatua thelathini kuelekea bondeni. Nilikuwa nimeliona kutoka barabarani miaka yote hiyo likiwa na sufuria juu yake. Nikapima kwa macho. Nyumba ya Rael, jiko lake, banda la kuku, mistari yake ya viazi, vyote viko huku, upande wetu.

"Marehemu mume wangu alipojenga nilimwambia," akasema. "Akasema wenyewe wameshakwenda."

"Na siku ile barabarani?"

"Niliogopa." Alinigeukia. "Niliogopa, Naomi. Sina lingine la kukuambia. Halafu ukanirudishia blanketi langu."

"Nilikuwa na hasira."

"Lilikuwa zuri lile."

Hapo nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikanywa chai. Rael akaniambia kwamba watu watakapofika atakwenda kusimama kwenye jiwe yeye mwenyewe, mbele ya chifu na mbele ya vijana wao, aseme alichokiona. Yeye watamsikia. Baada ya hapo akaomba apewe muda wa kuivunja nyumba polepole, mabati yasiharibike. Alilisema hilo la mabati kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akifuta meza isiyokuwa na uchafu.

Nilikuwa nimeshinda. Sitaki kudanganya tena: nilifurahi, nilifurahi kwa ajili ya Yona na kwa ajili ya wote walionishangilia chini ya mti. Ardhi ni yetu, na anayesema ni mtu wa upande wao. Lakini kuyaona mabati yale yakishushwa sikutaka. Nikapekua moyo wangu kutafuta ile chuki ya kila Alhamisi, nikaikosa.

"Hakuna anayevunja nyumba," nikasema. "Rael, sisi hatukuwahi kumkataza mtu kukaa. Mizinga iko juu, nyie mko chini, shida iko wapi? Kilichotuuma ni kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza. Mlikaa kana kwamba hapa hapakuwa na mtu."

Rael alikunja kitambaa cha meza, akakiweka. Akatoka nje kwa mlango wa mbele, akaufunga nyuma yake. Nikajua amekwenda kulia, nikamwachia nafasi. Nilibaki peke yangu ndani ya nyumba yake, na picha zake za ukutani, na vikombe vyake vimepangwa.

Mlango ukagongwa, taratibu, mara mbili.

"Hodi," akasema Rael huko nje. "Hodi hapa. Wenyewe wapo?"

Niliweka kikombe chini nisije nikakiangusha, nikafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Tupo," nikasema. "Karibu, Rael. Karibu. Ingia, chai inapoa."